Rangi Ikibanduka, Angalia Plasta Kwanza

Kila mvua za masika zikipamba moto hapa Kisumu, lawama dukani kwetu ni ile ile: rangi mliyoniuzia imebanduka. Majuzi mama mmoja wa Mamboleo alimwaga magamba ya rangi kwenye kaunta akidai tumemwibia. Tuliyageuza mbele yake. Nyuma yalikuwa na unga wa saruji. Ilikuwa rangi ya mafuta, tena ya bei ya juu, na fundi wake aliipaka kabla plasta haijamaliza wiki mbili.

Wengi huamini rangi ya mafuta ndiyo dawa ya unyevu kwa sababu inang'aa na maji yanateleza juu yake. Kweli, maji ya nje hayapenyi kwa urahisi. Lakini yaliyo ndani ya ukuta nayo yanakosa pa kutokea. Isitoshe, saruji mbichi ina alkali kali inayoyageuza mafuta ya rangi kuwa sabuni. Rangi inalainika, inanata, inavimba malengelenge, kisha inaanguka. Hapo hata ungenunua mkebe ghali kuliko yote dukani, hautakusaidia.

Plasta mpya iache ikauke angalau wiki nne, na mvua ikishika ongeza. Kijivu kilichokolea cha plasta kikipauka usidhani tayari. Jioni bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kwa selotepu pande zote. Asubuhi ukikuta matone ndani yake, ukuta bado. Ukikauka, anza na praima, yaani koti la chini linalotangulia rangi, ya kuzuia alkali, ndipo upake rangi ya maji: ya ndani ibaki ndani, ya nje iende nje. Ya mafuta itumie kwenye milango na grili, baada ya praima yake.

Praima ndiyo watu hukata kwanza wakitaka kuokoa pesa. Ya pili ni ubora wa rangi yenyewe. Tunaulizwa kila siku mbona ndoo ya lita 20 kwingine ni nusu ya bei yetu. Ndoo hiyo mara nyingi ina chokaa nyingi na gundi kidogo. Pitisha kiganja ukutani ikishakauka, kitatoka cheupe. Lita moja ya rangi nzuri hufunika mita za mraba 10 hivi kwa koti moja. Mwenye ploti mmoja wa Nyalenda alichukua ile rahisi, ya ndani, akaipaka nje, na fundi akaizidisha maji ili itoshe vyumba vyote. Mvua ikaiosha. Alilipa vibarua wa kukwangua, msasa, praima, rangi mpya na fundi mara ya pili. Bei yetu aliyoikimbia ilikuwa ndogo kuliko hiyo yote.

Desemba ndiyo ngumu zaidi, kila mtu anataka nyumba ya nyumbani iwe tayari kabla ya Krismasi. Mzee mmoja wa Ahero alikuja na pesa mkononi na plasta bado mbichi. Tulimuuzia rangi ya milango na madirisha tu. Aliondoka amenuna, lakini Februari alirudi kuchukua ya kuta.

Kwa hiyo ukija, tutakuuliza plasta ilipigwa lini. Njoo na vipimo vya kuta na picha za sehemu zenye unyevu; hesabu ya lita tunakufanyia bure.