Programu ya mitihani na ng'ombe wa maskini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini maana hili jambo limenikaa kooni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari huku Morogoro, na siku hizi majaribio yetu ya ndani tunafanyia kwenye programu ya kompyuta. Pepa ya taifa bado ni karatasi na kalamu, lakini haya ya kwetu madogo wanaingia chumba cha kompyuta kwa zamu, mashine hazitoshi.

Sasa kila likija toleo jipya la hizi programu unasikia wanasifia mambo ya kukamata waibiaji tu, skrini inajifunga mtoto asifungue kitu kingine, kamera inamwangalia, sijui nini. Kuna ile Safe Exam Browser, programu ya kufunga skrini wakati wa mtihani, iliyotengenezwa chuo cha ETH Zurich kule Uswisi, ni ya bure na kazi yake ni nzuri, ila ni ya Windows, Mac na iPad, Android haimo. Google Forms, zile fomu za maswali za mtandaoni, nayo ukitaka ifunge skrini inadai Chromebook (laptop za mfumo wa Google) zinazosimamiwa na shule. Mzazi wa Kihonda umwambie habari za Chromebook, atakuangalia tu.

Mimi shida yangu ni usahihishaji. Nilitunga swali la kidato cha pili, kamilisha methali: "...... wa maskini hazai." Majibu nikayaandaa kwenye Word nyumbani, nikaja nikakopi nikapesti kwenye programu, nikalala zangu. Asubuhi yake nafungua ule ukurasa mpya unaoonyesha kila swali limepatwa na wangapi (hiki kipengele nakisifu kwa moyo wote), naona swali la 7 sifuri. Darasa zima! Hata yule binti anayenisahihisha mimi ngeli kakosa. Kumbe Word ile alama ya juu ya ng' inaipinda yenyewe, halafu kibodi ya shuleni inaandika iliyonyooka, kwa hiyo kwa kompyuta ng'ombe wangu na ng'ombe wao ni wanyama wawili tofauti. Nilikaa kurudishia maksi mtoto mmoja mmoja mpaka adhana ya magharibi, na ile kazi ndo niliambiwa nimepumzishwa.

Kinga ipo, unaingiza majibu mawili kwenye jibu sahihi, la alama iliyopinda na la iliyonyooka, lakini nani alituambia? Semina ilikuwa ya siku moja na nusu yake tulifundishwa kuweka nywila. Na ng' siyo kitu cha nadra kwenye Kiswahili jamani, kuna ng'ambo, ng'oa, ng'ara, mwalimu wa kilimo akiuliza mifugo naye yatamkuta hayahaya.

Ombi langu kwa vijana wetu wanaotengeneza na kuuza hizi programu hapa nchini, kabla ya kuongeza kamera nyingine fundisheni kwanza mashine isome ng' zote mbili kama kitu kimoja, halafu jibu lijihifadhi lenyewe kila baada ya sekunde chache maana umeme wa huku mnaujua. Kuchanganya mpangilio wa maswali tayari kupo na kunatusaidia sana, jirani hana cha kuchungulia.

Kuna mmoja kwenye swali lile la 7 aliandika "Kuku". Huyo hata mimi nilimwachia kosa lake.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro