Malalamiko Kuhusu Kozi ya Kiitaliano Niliyolipia

Watamu,
Kaunti ya Kilifi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bibi,

MINT: KOZI ISIYOFUNDISHA VITENZI INAVYOVITAHINI

Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja hapa Watamu, na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Novemba nililipia kozi yenu ya mtandaoni ya mwaka mzima, shilingi 6,500, kwa kuwa tangazo liliahidi Kiitaliano cha kazini. Sasa nataka pesa zangu.

Masomo ya mwanzo sikuwa na neno nayo. Parlo, parli, parla (nasema, unasema, anasema): mtu anaona mkondo, anaufuata. Somo la tisa mkaniletea andare, yaani kwenda, bila kunionya. Nikaandika "ando", maana ndivyo mlivyonifundisha. Nyekundu! Jibu ni vado, "naenda". Haya, nikaandika "vadiamo". Nyekundu tena: andiamo, "tunaenda". Hakuna popote mlipoeleza kwamba kitenzi hiki kina mashina mawili, na kwamba "sisi" na "nyinyi" ndizo zinazorudi kwenye lile la and-. Uscire (kutoka nje) nayo ni vivyo hivyo: esco, esci, esce, escono, lakini usciamo, uscite. Ningeelezwa hilo kwa dakika mbili ningelishika. Badala yake jedwali la vitenzi mmelifungia kwenye kifurushi cha juu, kinacholipiwa upya. Na hivi si vitenzi vya nadra. Essere, avere, fare, dire, venire (kuwa, kuwa na, kufanya, kusema, kuja): utampokeaje mgeni bila hivyo?

Sisemi lugha isiwe na ukaidi wake. Kiswahili nacho kina njoo, nenda na lete. Lakini mgeni akisema "ja hapa" tunamweleza, hatumzomei.

Kilichoniuma hasa ni Lei. Mmeitafsiri "yeye" kila mahali, wala hamkusema kwamba ndivyo Mwitaliano anavyomwambia kwa heshima mtu aliye mbele yake. Kwa hiyo amri zote nilizojifunza kwenu ni za kuambiana marafiki: vieni (njoo), siediti (keti), dimmi (niambie). Mwezi uliopita, meneja wangu akisikia, nikampokea bibi wa miaka themanini na ushei kwa "Vieni, siediti!" Binti yake akanirekebisha taratibu: "Venga, si accomodi," yaani njoo, keti, kwa heshima. Kwetu hilo ni sawa na kumwambia mzee "mambo" badala ya shikamoo. Binamu yangu anauza vinyago ufukweni, hajalipia somo hata moja, na venga, vada, mi dica (njoo, nenda, niambie, za heshima) anazijua zote.

Tena hata kusahihisha mnakosea. Niliandika debbo ("lazima ni-") mkaikata, mkataka devo. Ho perduto ("nimepoteza") nayo mkaikata, mkataka ho perso. Kamusi za Kiitaliano zinazo zote. Nimewaandikia mara tatu juu ya hili, na mara tatu nikajibiwa na mashine: "Endelea na mazoezi!"

Nirudishieni shilingi 6,500 ndani ya siku 14. Au, kama mnapenda nibaki, nifungulieni jedwali hilo bila malipo mengine na mrekebishe Lei, si kwangu tu bali kwa kila anayejifunza kupitia Kiswahili. Picha za skrini na risiti ya malipo nimeziambatisha. Jibu nalitaka kutoka kwa mtu, si mashine.

Wenu,
Mteja wa Watamu