Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Seli Tunazofundisha na Jinsi Zinavyoonekana kwenye Hadubini

Ndugu wanachama,

Ada na daftari la wanachama vimo kwenye taarifa za Katibu na Mweka Hazina, sitavirudia. Yangu inahusu kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu, yaani mazoezi ya kuandaa slaidi kwa walimu wa baiolojia na mafundi wa maabara. Tatizo kuu halijabadilika: mwanafunzi anachora seli ya kitabuni ilhali jicho lipo kwenye lenzi. Mara nyingi hana kosa. Slaidi aliyopewa haionyeshi kitu.

Tuanze na kitunguu. Bandua utando mwembamba wa upande wa ndani wa gamba, ulaze bila mkunjo kwenye tone la maji, ongeza tone la iodini, kisha shusha kifuniko taratibu kwa mshazari ukikiegemeza kwenye sindano. Kikiangushwa bapa hunasa hewa, na mapovu yale ya duara kamili yenye ukingo mzito mweusi ndiyo yanayochorwa kama "seli" kila muhula. Seli halisi ni ndefu, zimepangana kama matofali. Kiini huonekana cha manjano au kahawia, na aghalabu kipo pembeni kwa sababu vakuoli, kifuko cha majimaji, imejaza katikati. Kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani, hazimo, kitunguu hukua gizani, anayezichora hajatazama. Anayetaka kloroplasti achukue jani jembamba la mmea unaokua ndani ya maji ya ziwa, alitazame bila rangi yoyote.

Seli za ndani ya shavu huwashinda wengi kwa sababu ya mwanga. Zina uangavu mno, hivyo punguza mwanya wa mwanga chini ya jukwaa kabla ya kulaumu lenzi. Rangi ya methilini bluu ikiwa nzito hufunika kila kitu. Izimue hadi asilimia 0.1, subiri dakika moja au mbili, kisha nyonya ziada kwa karatasi. Utaona seli bapa, kingo zisizo na umbo maalumu, kiini cha bluu iliyokolea karibu na katikati. Vidoa vidogo sana vilivyotapakaa juu yake ni bakteria wa kinywani, si sehemu ya seli.

Damu ilijadiliwa kwa kirefu, na inastahili. Chembe nyekundu ya binadamu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, haina kiini, na weupe wa katikati unatokana na wembamba wake pale. Kwa shule, msimamo wa kamati ni kutumia damu ya sato badala ya kuwachoma wanafunzi vidole, kwa hofu ya virusi vya homa ya ini na UKIMWI. Samaki awe ametoka majini muda si mrefu. Aliyelala kwenye barafu ya mwaloni damu yake imeshaganda. Chembe zake nyekundu ni za umbo la yai na zina kiini, jambo linalofungua mjadala mzuri darasani kuliko mchoro wowote.

Walio hospitalini na kwenye vituo vya afya wanajua kwamba slaidi ya damu iliyopakwa nyembamba hukazwa kwa methanoli ili chembe zisipasuke, ile iliyopakwa nene haikazwi, ili maji ya rangi yapasue chembe nyekundu na kuacha vimelea vya malaria vikionekana. Lililotusumbua ni methanoli kuvuta unyevu. Chupa ikiachwa wazi katika hewa hii ya ziwani, chembe nyekundu hutokea na mashimo yanayong'aa, na asiye mzoefu huyadhania vimelea. Funga chupa mara moja, na slaidi ikauke kabisa kwanza. Maji ya kuchanganyia jiemsa, rangi ya slaidi za damu, yawe na pH 7.2: yakiwa na asidi zaidi slaidi huwa nyekundu mno, yakiwa na alkali huwa bluu mno. Wakati wa kuosha, usimwage rangi kwanza. Mimina maji juu yake ili utando wa juu uelee na kuondoka, la sivyo mabaki yake hubaki kama nukta nyeusi.

Maji ya kijani ya ufukweni yana Microcystis, makundi ya seli ndogo ndani ya ute, zisizo na kiini. Baadhi hutoa sumu ya ini, kwa hiyo glavu ni lazima na asionje mtu.

Kuhusu vifaa: lenzi nyingi za ukuzaji wa 40 zilizoletwa kutengenezwa zilikuwa na mafuta. Mafuta ni ya lenzi ya 100 peke yake. Futeni kwa karatasi ya lenzi, si leso wala kitambaa cha kanga, na hifadhini hadubini na silika jeli inayofyonza unyevu, maana kuvu ikishaota kwenye kioo haifutiki kirahisi.

Kamati inaomba idhini ya kununua slaidi ya vipimo, yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, izunguke shuleni kwa zamu. Hadi ipatikane, upana wa eneo unaloliona upate kwa kugawanya namba ya uwanja (ya milimita) iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho kwa ukuzaji wa lenzi iliyo karibu na slaidi: 18 kwa 40 ni milimita 0.45, sawa na chembe nyekundu za binadamu zipatazo 60 zikipangwa mstari mmoja. Hoja itapigiwa kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina.

Mwenyekiti