"Haelewi" na "hajaelewa" ni maneno mawili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonisumbua miaka yote niliyofundisha hesabu, nalo ni wepesi wetu watu wazima wa kumpachika mtoto jina linalomganda. Huyu tunamwita kipanga, yule kilaza, na wa tatu tunasema "hana kichwa cha hesabu", kana kwamba hicho ni kiungo ambacho mtu huzaliwa nacho au hukikosa maisha yake yote.

Kiswahili kina namna bora ya kusema. Ukisema mwanafunzi haelewi sehemu, yaani hesabu za nusu, robo na kadhalika, umeitaja hali isiyo na kikomo. Ukisema hajaelewa, silabi hiyo moja ya -ja- inakiri upungufu uliopo na wakati huohuo inaonyesha kuwa kuelewa kunatarajiwa. Watoto huisikia tofauti hiyo hata wasipoweza kuieleza. Nimemwona mwanafunzi aliyezoea kuitwa mzito akiweka kalamu chini kabla hajafika mwisho wa swali.

Sifa nazo zina madhara yake, jambo ambalo wazazi wengi hawalitegemei. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio ambamo baadhi ya watoto waliofanya vizuri walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Baadaye wote walipewa maswali magumu wakashindwa, kisha wakapewa mepesi kama yale ya mwanzo: waliosifiwa akili walishuka, waliosifiwa bidii wakapanda. Aliyeambiwa ana akili huona kila kosa kama ushahidi kwamba hana.

Sidai kwamba neno hufundisha peke yake. Aliyekosa msingi lazima arudishwe kwenye msingi, na bidii isiyo na maelekezo humchosha bure. Lakini ripoti inayosema "uwezo wake ni mdogo" haimwelekezi mtu yeyote pa kuanzia. Nawaomba walimu wenzangu waandike kilichobaki, kwa mfano kwamba mtoto bado hajamudu kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, kama nusu na theluthi, maana mzazi akisoma hivyo anaweza kuketi na mwanawe jioni hiyohiyo wakafanya maswali mawili matatu.

Wako,
Mwalimu mstaafu