YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA CNC NILIYOUZIWA KWA KAZI YA BODI ZA SAKETI

Mwenge, Dar es Salaam
12 Februari 2025

Ndugu Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 20 Januari nilinunua dukani kwenu mashine ndogo ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) aina ya 3018, yenye eneo la kazi la milimita 300 kwa 180. Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji wenu kazi yangu: natengeneza bodi za kudhibiti joto la mashine za kutotolea vifaranga. Nikamuuliza jambo moja tu, kama mota ya kukatia inazunguka bila kuyumba. Akanihakikishia haiyumbi.

Inayumba. Niliweka geji ya mshale (kipimo cha kuyumba) kwenye shina la biti, yaani kisu kinachokata, nikaizungusha kwa mkono, ikasoma milimita 0.2. Kwa anayechonga vibao vya majina hilo si neno. Kwangu ni hasara, maana miguu ya IC (chipu ya elektroniki) ya kawaida imepishana milimita 2.54 tu, na hapo katikati napitisha njia ya shaba. Mfereji wa kutenganisha njia za shaba niliotaka uwe milimita 0.2 unatoka 0.4, na njia inaliwa pande zote mbili. Biti za kutobolea za milimita 0.8 ni za kabaidi: ngumu sana, lakini hazijui kupinda. Bodi moja imenivunjia saba. Ya saba ilikatikia ndani ya tundu la mwisho.

Tafadhali msiniambie bodi haikulala sawa. Usawa wake nimeupima nukta kwa nukta, na koleti (kishikio cha biti) nimebadilisha mara mbili. Shafti ya mota yenyewe ina mchezo. Ukiishika kwa vidole unaisikia ikigonga kwenye beringi.

Kilichoniumiza zaidi ni jibu nililopewa tarehe 3 Februari nilipoirudisha: kwamba boksi likishafunguliwa bidhaa hairudi. Ningeijuaje shafti bila kufungua boksi?

Naomba mota nyingine, ipimwe kwa geji mbele yangu kabla sijaichukua, au nirudishiwe fedha zangu zote. Naomba jibu ndani ya siku saba. Mfugaji mmoja wa Chanika ananisubiri kwa bodi kumi na mbili, na mayai ya kutotolesha yakipita wiki moja huanza kupoteza uhai.

Naambatisha nakala ya risiti, bodi mbili zilizoharibika na vipande vya biti zote saba.

Wenu mteja,
Fundi wa elektroniki, Mwenge