Hadithi za majini si za watoto tu

Mhariri,

Juzi nilirudishiwa hadithi yangu na mchapishaji mmoja. Juu yake aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba niandike maisha halisi, haya mambo ya majini ni ya watoto. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Hadithi hiyo nimeiandika kwa miaka miwili, usiku, nikishafunika mashine. Sipingi kurudishiwa kazi. Anayejifunza lazima arudishiwe. Napinga sababu aliyoitoa.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga hii hii, mwaka 1909, na kaburi lake liko Machui. Mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatutawala, alitoa kitabu kuhusu Kusadikika, nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Hayo nayo ni mambo ya watoto?

Lakini kilichonifundisha zaidi ni kitabu chake kingine, Adili na Nduguze. Wakati nakiazima maktaba nilikuwa nimejaza daftari zima mambo ya theluji, majumba ya kifalme ya Ulaya na mazimwi yanayotema moto, yote niliyoyaona kwenye filamu. Theluji yenyewe sijawahi kuigusa. Nikafika pale Adili anapolazimika, kwa amri ya jini, kuwachapa viboko manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja. Nikafunga kitabu, nikakaa. Niliona kwamba jini akiingia katika hadithi, lazima kuna mtu atakayelipa, na malipo yenyewe yaume. Tena amri ya jini ikishatolewa, mwandishi hana ruhusa ya kuitangua kwa kuwa tu amechoka na anataka kumaliza. Lile daftari la theluji nililiweka kando, sijalifungua tena.

Sasa hadithi yangu inaanzia Mapango ya Amboni. Nimekwenda huko mara nne, nikasikia harufu ya popo, nikapita nimeinama mpaka kiuno kikauma, nikaona mahali watu wanapoweka sadaka zao. Marehemu bibi alikuwa akituambia njia moja ya humo inatokea Mombasa. Basi msichana wangu anaishika njia hiyo. Kazi yake ni kuwashonea mizimu kanzu, na kila kanzu anayoimaliza inamsahaulisha jina la mtu mmoja anayempenda. Amebakiwa na majina matatu, la mama yake likiwamo. Mimi hayo nayaita maisha halisi. Nimewashonea watu sanda, najua mkono unavyokuwa mzito.

Ombi langu, Mhariri: ukurasa wenu wa hadithi uzipokee na hizi, hata moja kwa mwezi. Na mkiikataa, tuambieni ni wapi sheria ya dunia hiyo imevunjika, wapi mazungumzo yamelegea, wapi msomaji amepotea njia. Hapa mtaani tuko watatu, mmoja wetu dereva wa bajaji, na kila Ijumaa baada ya Isha tunasomeana tulichoandika. Barua ya namna hiyo tutaisoma pamoja, kisha kila mtu atarudi kwenye daftari lake.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga