Barua kwa Diwani Mpya: Kabla ya Lami, Maji Yapite Wapi?

Mtwara,
Desemba 2025

Mheshimiwa Diwani, swahiba wangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, joto tu la mwezi huu ndilo linatutoa jasho hadi usiku. Barua yako imenifikia na nimecheka peke yangu uliposema siku hizi ukitoka kununua mkate unarudi na kero nne na mkate umeusahau dukani. Vumilia. Udiwani uliuomba mwenyewe, tena kwa spika na ngoma.

Sasa tuje kwenye lile uliloniuliza. Kwenye kampeni ulitamka lami, kutoka barabara kuu hadi sokoni, na watu wameishika kauli yako kama hati ya deni. Papo hapo kalavati la njia ya zahanati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, lilizolewa na mvua za msimu uliopita, na mvua zikikolea mama mjamzito anashushwa kwenye bajaji ng'ambo ya korongo, anavushwa kwa kushikwa mikono. Unauliza kipi kitangulie. Nimefanya kazi ya barabara mpaka nimestaafu, kwa hiyo sitazunguka: lami itasubiri. Kalavati lisisubiri.

Najua ugumu wake. Lami inapigwa picha, kalavati linafukiwa. Hakuna aliyewahi kukata utepe juu ya bomba la zege. Lakini wewe unakaa Masasi, unaijua mvua ya kusini ilivyo: inakuja kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na siku ikiamua kumwaga inamwaga yote. Maji yanayoshuka kwenye ile milima yenu ya mawe hayana pa kuzama, yanakuja mbio mjini. Barabara isiyoyapa maji njia, yenyewe ndiyo inakuwa njia ya maji.

Nikupe mfano, mji siutaji. Nilipokuwa kazini, halmashauri moja ilipata fedha za kipande cha lami katikati ya makazi ya watu. Fedha hazikutosha kila kitu, kikao kikaamua lami iwekwe kwanza, mitaro iwe "awamu ya pili". Unazijua awamu za pili. Barabara ikawa juu, nyumba zikawa chini. Msimu wa kwanza maji yakaanza kula kingo za lami, pembeni pakawa na ngazi ambayo bodaboda akishuka bila kuangalia anaanguka. Msimu wa pili wenye nyumba wakaanza kujenga vizingiti vya saruji milangoni, kila mmoja akimzidi jirani kwa kozi moja ya tofali, kwa sababu maji uliyoyazuia wewe yanahamia kwa mwenzako. Niliingia nyumba ya bibi mmoja pale, kizingiti chake kilinifika magotini. Ili aende kuchota maji ilimbidi akae juu yake kwanza, ageuke, kisha ateremshe mguu mmoja mmoja. Alikuwa akiombea lami iletwe miaka yote, na alipoletewa ikamfungia ndani.

Kwa hiyo wakikuletea mchoro wa barabara yako ya soko, usianze kuuliza lami ni ya moto au nyepesi. Uliza maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Mtaro unaoishia kwenye uwanja wa mtu si mtaro, ni ugomvi wa majirani uliojengwa kwa fedha za serikali. Na vivuko vya mbele ya maduka viwe ndani ya mkataba. Vikiachwa, mwenye duka atajipangia magogo na vipande vya zege, mifuko na mchanga vitanasa hapo chini, na mvua ya kwanza tu utaamshwa usiku. Hata kalavati lenyewe, la kipenyo cha milimita 600 linaziba upesi na mtu haingii kulizibua. Ng'ang'ania 900 pale penye korongo.

Jambo la pili, jua barabara ni ya nani kabla hujatoa ahadi nyingine. Ile kubwa inayotoka Songea kupita Tunduru, kwenu, hadi bandarini kwetu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Tangu makaa ya mawe yaanze kupita kwa wingi mwaka 2022, sisi wa huku tunayahesabu malori kwa mtikisiko wa vyombo kabatini. Serikali inajenga bandari ya Kisiwa Mgao ili mizigo ya namna hiyo iondoke Mtwara mjini, lakini malori yatapita Masasi vilevile. Shimo likitokea pale stendi, watu watakuita wewe, na wewe huna hata toroli la kifusi. Kazi yako ni kuandika, kupeleka mwenyewe, na kurudi kuwaambia ulichojibiwa.

Barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Zamani, kabla ya 2017, zilikuwa mikononi mwetu, idara ya ujenzi ya halmashauri: diwani akipiga kelele barazani asubuhi, mchana greda linaonekana kwake. Ulikuwa utaratibu wa hovyo, nikuambie ukweli. Mwenye sauti ndiye aliyechongewa barabara. Sasa fedha zinatoka kwenye tozo ya mafuta kupitia Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizi. Inasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba mtandao wa TARURA nchi nzima unazidi kilomita 144,000 na sehemu kubwa ni udongo na changarawe. Ikigawanywa ikafika kwenye kata yako, inakuja kama ubani msibani. Ndiyo maana nakuambia usiombe mambo saba. Omba moja, liombe vizuri.

Kuliomba vizuri ni hivi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti yake mtaipitisha barazani mwanzoni mwa mwaka huu unaokuja, Januari na Februari, kabla Bunge halijakaa Aprili. Watu wengi wanaamka Juni, wakati pilau limeshapakuliwa. Wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji ni katibu wako. Waite wenyeviti wa mitaa sasa hivi, mvua ikiwa inanyesha, na kikao msikifanyie ofisini. Kifanyieni korongoni. Mwite na mganga wa zahanati aje na daftari lake, aseme ni siku zipi wagonjwa walishindwa kuvuka. Hilo liingie kwenye muhtasari, lisainiwe, lipigwe mhuri. Meneja wa TARURA wa wilaya anapokuja kwenye kikao ana maombi ya kila kata mezani, na mengi ni sentensi moja: "barabara ni mbovu". La kwako likiwa na tarehe, vipimo na picha, atakuwa na cha kushika hata yeye akienda kujitetea kwa wakubwa zake.

Halafu fuatilia mkataba usainiwe mapema. Kwetu huku kazi ya udongo ni Julai hadi Novemba, basi. Mkandarasi akipewa kazi Novemba mwishoni atashindilia tope, na wewe utapokea tope.

Upande wa halmashauri yenyewe, msimu huu wa korosho ndiyo mfuko unanona, ule ushuru wa asilimia 3. Usiutolee macho sana. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haiguswi, na iliyobaki inagombewa na madarasa, vyoo vya shule na maboma ya zahanati ambayo wananchi walishayanyanyua kwa nguvu zao. Ukisimama kudai lami ya sokoni mbele ya diwani ambaye wanafunzi wake wanakaa chini, utaonekana wa ajabu, tena utakuwa umempoteza mtu ambaye kesho ungemhitaji akuunge mkono. Mwachie darasa lake. Naye akuachie korongo lako.

Kuna kitu kimoja kinanikera kila nikipita Masasi. Mmezungukwa na mawe pande zote, halafu saruji mnaisubiri ije kwa lori. Kigoma wamejenga madaraja ya mawe, ya upinde, na TARURA wenyewe ndio wanaoyasimamia; gharama yake ni ndogo kuliko ya zege na nondo, na mafundi wake ni vijana wa palepale. Mwanza wametandika mawe kwenye barabara za milimani ambako lami ingeteleza na changarawe ingeoshwa. Sisemi kila korongo linafaa, inategemea kingo zake na mwamba ulioko chini. Ila ukimuuliza meneja swali hilo kwa heshima, si mbele ya kadamnasi, huenda akafurahi. Wahandisi wanapenda kuulizwa kitu tofauti na "lini?"

Na wale wa sokoni uwaambie mapema. Usitume mtu. Nenda mwenyewe siku ya gulio, wakutukane kidogo, uwaeleze kwamba zahanati imetangulia na kwa nini. Tena usije ukaropoka habari za fidia kwa mabanda yaliyosogelea barabara. Unazijua zile alama za X: ya kijani ana malipo, ya nyekundu hana, na Sheria ya Barabara ya 2007 haiangalii nani alikupigia kura.

Nataka unifanyie hivi. Chukua kamba na kijana mmoja, mpime upana wa korongo pale kalavati lilipokuwa, na kimo kutoka chini hadi kwenye alama ya juu ambayo maji yameacha kwenye kingo. Utaiona kwa majani makavu yaliyonasa kwenye mizizi. Piga na picha ya upande yanakotoka maji. Nitumie kwa simu, nikuchoree mchoro wa mkono wa kuanzia mazungumzo. Wa kujengea atauchora mhandisi.

Shemeji yako anakusalimu, anasema zile korosho ulizoahidi kabla ya uchaguzi nazo ziingie kwenye utekelezaji wa ilani. Msalimie mama watoto na mzee.

Wako,
Fundi mstaafu wa Ligula